Asidi ya Humiki, Samadi na Udongo wa Ikungi

Wakulima na wafugaji wa Ikungi, Puma, Issuna, Ihanja, Sepuka, Mungaa na vijiji vyote vya mkoa wa Singida, mada ya leo ni asidi ya humiki na kazi yake katika kuboresha udongo na afya ya mimea. Ni mada inayohitaji kuzungumzwa kwa utulivu, kwa kuwa bidhaa nyeusi za maji au za unga zenye jina hilo zimeingia katika maduka ya pembejeo nchini, na mkulima aliyekwenda kununua mbegu anaweza kushauriwa aongeze na chupa moja ya "busta" ambayo hajui imetengenezwa na nini, inafanya kazi gani, wala kama shamba lake linaihitaji.

Mazungumzo haya yatajibu maswali matatu, kwa mpangilio. Swali la kwanza, asidi ya humiki ni kitu gani, na inahusianaje na udongo wa Ikungi? Swali la pili, je, ni kweli kwamba inasaidia mimea, na kama inasaidia, ni kwa njia gani na kwa kiasi gani? Swali la tatu, na hili ndilo la mfukoni, mkulima wa Ikungi aanze na nini, chupa ya dukani au samadi iliyo zizini? Jibu kwa ufupi litajwe mapema, ili msikilizaji alishike wakati maelezo yanaendelea: asidi ya humiki humsaidia mzizi, lakini haijengi udongo; kinachojenga udongo wa Ikungi ni samadi iliyoiva na masalia ya mazao, na chupa huja baada ya hayo, kwa mazao machache yenye faida ya haraka.

Inafaa kuanza na udongo wenyewe, kwa sababu dawa haieleweki kabla ya mgonjwa kueleweka. Wilaya ya Ikungi, iliyoundwa mwaka 2012 kutokana na iliyokuwa wilaya ya Singida Vijijini, iko kwenye uwanda wa kati wa Tanzania, penye miamba ya itale ambayo mawe yake makubwa huonekana yamesimama kila upande. Miamba hiyo inapochakaa kwa karne nyingi huacha mchanga mwingi na mfinyanzi kidogo, na ndiyo maana mashamba mengi ya miinuko ni ya kichanga au ya tifutifu yenye kichanga, wakati mabondeni hukutwa udongo mweusi wa mbuga, unaonata masika na kupasuka kiangazi. Mvua nayo huja mara moja kwa mwaka, kati ya Novemba au Desemba na Aprili, kwa kawaida milimita 500 hadi 800, na miezi inayobaki ni jua, upepo na vumbi.

Udongo wa kichanga una shida mbili ambazo kila mkulima wa alizeti, mtama, uwele au mahindi anazifahamu hata kama hajawahi kuzipa majina. Shida ya kwanza ni kwamba haushiki maji, hivyo mvua ikikatika kwa wiki mbili tu, mazao huanza kunyauka. Shida ya pili ni kwamba haushiki chakula cha mmea. Virutubisho vingi, kama vile potasiamu, kalsiamu, magnesiamu na naitrojeni iliyo katika umbo la amoniamu, vikiyeyuka katika maji huwa na chaji chanya ya umeme, na hubaki karibu na mizizi pale tu panapokuwa na kitu chenye chaji hasi cha kuvivuta. Punje ya mchanga haina uwezo huo, na mfinyanzi wa aina inayopatikana zaidi kwenye miinuko ya tropiki unao kidogo tu. Kitu chenye uwezo mkubwa kuliko vyote katika shamba la namna hiyo ni mboji, yaani ile sehemu nyeusi au ya kahawia ya udongo inayotokana na mimea, kinyesi cha mifugo na viumbe vingine vilivyooza hadi visitambulike tena. Jambo hili lirudiwe, kwa kuwa yote yatakayofuata yanalitegemea: katika udongo wa kichanga, mboji ndiyo inayoshika maji, na mboji ndiyo inayoshika chakula cha mmea.

Sasa asidi ya humiki inaingia wapi? Mwaka 1786 mwanakemia wa Berlin aitwaye Franz Karl Achard alichukua udongo wa kinamasi uliosheheni mimea iliyooza, akauloweka katika maji makali ya alikali, yaani kemikali zilizo kinyume cha asidi, ambazo ndugu yao wa karibu jikoni ni magadi. Maji yale yakageuka meusi, na alipoyatia asidi, weusi ukaganda na kushuka chini. Hadi leo wanasayansi hutumia njia hiyo hiyo kuigawa mboji katika mafungu matatu. Fungu linaloyeyuka katika alikali na kuganda katika asidi kali huitwa asidi ya humiki. Fungu linaloyeyuka katika vyote viwili huitwa asidi ya fulviki. Na fungu lisiloyeyuka kabisa huitwa humini. Msikilizaji asitishwe na neno "asidi", kwa maana hii si asidi ya betri inayounguza, bali ni mkusanyiko wa molekuli nyingi zenye kaboni, zenye uwezo wa kushika madini na kuyaachia.

Bidhaa zinazouzwa madukani kwa kawaida hazitolewi kwenye mboji ya shambani. Nyingi hutengenezwa kutokana na leonaditi, ambayo ni tabaka laini la makaa ya mawe machanga yaliyokaa karibu na uso wa ardhi hadi yakachakazwa na hewa na maji, na nyingine hutokana na udongo wa kinamasi. Kiwanda huchukua malighafi hiyo, hukiyeyusha kile kinachoyeyuka kwa alikali ya potasiamu, na kinachopatikana huitwa humati ya potasiamu, jina ambalo mkulima atalikuta kwenye lebo mara nyingi zaidi kuliko "asidi ya humiki" lenyewe. Kwa kuwa bidhaa hiyo imetengenezwa kwa alikali, inaweza kuwasha macho na ngozi, na anayeishika anapaswa kujikinga kama anavyojikinga na kemikali nyingine za shambani.

Kabla ya kuliacha swali la kwanza, inafaa kutaja kwamba wataalamu wa udongo wenyewe wanabishana. Mwaka 2015 wanasayansi Johannes Lehmann na Markus Kleber walichapisha katika jarida la Nature hoja kwamba asidi ya humiki, kama inavyotolewa maabara, ni zao la alikali iliyotumika kuitoa, na kwamba ndani ya udongo hai hakuna dutu moja nyeusi ya kudumu, bali kuna mabaki ya viumbe yaliyo katika hatua mbalimbali za kuoza, mengine yamejificha ndani ya mabonge ya udongo na mengine yamegandamana na mfinyanzi. Je, mabishano hayo yanamhusu mkulima wa Sepuka au Mungaa? Yanamhusu sana, kwa sababu kama mboji si kitu cha kuwekwa mara moja kikadumu, bali ni mwendo wa kuoza usiokoma, basi udongo unahitaji kulishwa kila mwaka, na hakuna bidhaa ya kumwagwa mara moja inayoweza kuchukua nafasi ya kulisha huko.

Hapo swali la kwanza limejibiwa, na sasa linafuata la pili: je, asidi ya humiki inasaidia mimea? Jibu la haki ni kwamba mara nyingi inasaidia, mara nyingine haifanyi lolote, na tofauti hiyo ina sababu zake.

Njia ya kwanza ya msaada wake ni kupitia mizizi. Mwaka 2002 watafiti wa Brazili wakiongozwa na Luciano Canellas walionyesha kwamba asidi ya humiki iliyotolewa kwenye mbolea ya minyoo iliifanya mizizi ya mahindi irefuke na kuchipua vijizizi vingi vya pembeni, na kwamba ndani ya seli za mizizi hiyo ilichochea kazi ya kimeng'enya, yaani protini inayoendesha shughuli za seli, ambacho husukuma nje chembe za haidrojeni na hivyo kurahisisha uingiaji wa virutubisho. Kwa lugha ya shambani, mzizi unakuwa na matawi mengi zaidi na unakula kwa urahisi zaidi. Mmea wenye mizizi mingi huyafikia maji na fosforasi ambayo mmea wenye mizizi michache huipita tu, na katika nchi ya mvua chache kama Singida hilo si jambo dogo.

Njia ya pili ni ya kuyabeba madini. Madini yanayohitajika kwa kiasi kidogo, kama chuma na zinki, yanaweza kuwemo ardhini na bado mmea ukayakosa, kwa sababu yamegeuka kuwa katika hali isiyoyeyuka, hasa penye udongo wa chumvichumvi au wa chokaa. Molekuli za humiki na fulviki huyakumbatia madini hayo na kuyaacha yakiwa yameyeyuka hadi mzizi uyachukue. Njia ya tatu ni ile iliyokwisha kuelezwa, ya kushika virutubisho vyenye chaji chanya visisombwe na maji, ingawa msikilizaji akumbuke kwamba naitrojeni iliyo katika umbo la nitrati ina chaji hasi, hivyo haishikwi kwa njia hiyo na itazidi kuzama chini mvua kubwa ikinyesha.

Basi msaada huo una ukubwa gani? Mwaka 2014 kundi la watafiti walikusanya matokeo ya majaribio mengi yaliyofanywa duniani na kukuta kwamba, kwa wastani, mimea iliyopewa bidhaa za humiki ilikuwa na uzito mkavu wa mashina na wa mizizi uliozidi ule wa mimea mingine kwa takriban sehemu moja ya tano, lakini matokeo yalitofautiana kulingana na chanzo cha bidhaa, kiasi kilichotumika, aina ya mmea na mazingira. Kwa upande mwingine, mwaka 2010 watafiti wa California walichapisha matokeo ya kujaribu bidhaa za madukani kwenye letusi na nyanya, na hitimisho lao lilikuwa kwamba kwa ujumla hazikuongeza mavuno wala uchukuaji wa virutubisho. Ni lazima pia kutofautisha uzito wa mmea na magunia ya mavuno, kwa maana mmea unaweza kunenepa majani bila kumwongezea mkulima hata debe moja. Kwa hiyo anayeambiwa kwamba chupa hii itaongeza mavuno kwa hakika, kila mahali na kwa kila zao, anaambiwa jambo ambalo utafiti haujalithibitisha.

Sasa ifanywe hesabu moja tu, nayo si ngumu. Ekari moja ya shamba, ikichukuliwa udongo wake wa juu wa kina cha sentimita 20, ina udongo wenye uzito wa zaidi kidogo ya tani 1,000. Ili kuongeza katika udongo huo mboji ya kiasi cha asilimia moja tu ya uzito wake, zinahitajika tani 10 za mboji iliyokwisha kuiva. Lita moja ya bidhaa iliyoandikwa kuwa na asilimia 12 ya asidi ya humiki ina takriban gramu 120 za kitu hicho. Gramu 120 ndani ya tani 1,000! Je, kiasi hicho kinaweza kuufanya mchanga ushike maji? Hakiwezi. Kinaweza kuuchochea mzizi, kwa kuwa mzizi huitikia kiasi kidogo sana, lakini hakiwezi kuubadilisha udongo, na lebo inayodai kwamba chupa chache "zinarudisha rutuba ya ardhi" inachanganya kazi mbili zilizo tofauti. Kumpa mmea busta katika shamba lisilo na samadi ni sawa na kumpa ng'ombe jiwe la chumvi la kulamba wakati malisho hana. Chumvi ina faida yake, lakini haijazi tumbo.

Wasikilizaji wapendwa, hapo ndipo swali la tatu linapofika zizini. Mkulima wa Ikungi ana nini mkononi? Wanyaturu, wenyeji wa eneo hili, ni wakulima na wafugaji kwa pamoja, na elimu ya samadi kwao haikuletwa na mradi wowote. Mwanaanthropolojia wa Marekani Harold Schneider, aliyechapisha mwaka 1970 kitabu chake kuhusu uchumi wa Wanyaturu, alieleza jinsi samadi ilivyokuwa kiungo kati ya mifugo na nafaka, kwani aliyekuwa na ng'ombe alikuwa na samadi, na aliyekuwa na samadi aliweza kuvuna katika udongo ambao bila hiyo usingezaa vya kutosha. Wazee hawakuwa na jina la asidi ya humiki, lakini kila walipotoa samadi iliyoiva na kuitandaza karibu na maboma waliipeleka shambani asidi hiyo hiyo, pamoja na naitrojeni, fosforasi, potasiamu, madini madogo na vijidudu vyenye manufaa, ambavyo humati ya dukani, kwa vipimo vyake vidogo, haivileti au huvileta kwa kiasi kidogo sana.

Tatizo ni kwamba samadi nyingi hupoteza nguvu kabla ya kufika shambani. Samadi iliyoachwa wazi juani hupoteza naitrojeni yake hewani kwa umbo la gesi ya amonia, ambayo ndiyo ile harufu kali inayouma pua, na ikinyeshewa mvua, potasiamu yake huyeyuka na kwenda na maji. Mabua ya alizeti na mtama nayo, ambayo yangeweza kuoza na kuwa mboji, mara nyingi huchomwa moto wakati wa kusafisha shamba, na kaboni iliyokusanywa na mmea kwa miezi minne huondoka na moshi kwa saa moja. Anayechoma mabua halafu akanunua chupa ya humiki anainunua tena kaboni ile ile, kwa pesa, na kwa kiasi kidogo zaidi.

Nini kifanyike? Kwanza, zizi litandikwe majani makavu au mabua yaliyokatwakatwa, ili yanyonye mkojo wa mifugo, kwa sababu sehemu kubwa ya naitrojeni imo katika mkojo, wala si katika kinyesi peke yake. Pili, samadi na matandiko hayo vikitolewa zizini, virundikwe kivulini, vilowanishwe kiasi na kufunikwa kwa majani na tabaka jembamba la udongo, na katika sehemu kavu kama Ikungi shimo hufaa kuliko lundo la juu, kwa kuwa unyevu haukauki upesi. Mabua ya alizeti ni magumu, kwa hiyo yakatwe vipande vifupi na kuchanganywa na samadi mbichi na majani mabichi, kwa kuwa mabua makavu peke yake huoza polepole sana. Tatu, mkulima achomeke fimbo ndefu katikati ya shimo na kuichomoa baada ya siku chache. Ikitoka ya moto, kazi ya kuoza inaendelea vizuri, ikitoka baridi na kavu, maji yaongezwe, na ikitoka baridi na yenye uvundo, mchanganyiko ugeuzwe upate hewa. Joto hilo lina faida nyingine, nalo huua mbegu nyingi za magugu zilizomo katika samadi mbichi. Baada ya miezi mitatu au minne, kinachopatikana ni mbolea vunde nyeusi, inayovunjika mkononi, yenye harufu ya udongo wa msituni, na isiyoonyesha tena mabua wala kinyesi.

Itumike kiasi gani? Kiwango kinachopendekezwa mara nyingi ni tani 5 hadi 10 kwa hekta, yaani takriban tani 2 hadi 4 kwa ekari, na wapo watakaosema kwamba mifugo yao haitoshi kutoa kiasi hicho. Kwao ipo njia ya kuitumia samadi kidogo mahali inapofaa zaidi. Jirani, mkoani Dodoma, kiko kijiji cha Chololo, ambacho jina lake limepewa mashimo ya kupandia yanayochimbwa kwa mistari ya kukinga mteremko, yakatiwa samadi na masalia ya mazao, na udongo wake kuwekwa upande wa chini ili kuzuia maji ya mvua. Maji na chakula hukutana pale pale penye mzizi, badala ya samadi kutawanywa shamba zima hadi isionekane. Njia hiyo inafaa hasa kwa mtama, uwele na mahindi, na ina manufaa ya ziada penye kiduha, lile gugu lenye maua ya zambarau linalojiunganisha na mizizi ya nafaka na kuinyonya, kwa sababu kiduha hustawi zaidi katika udongo uliochoka.

Hapa lazima jambo moja lisemwe wazi, ili mazungumzo haya yasieleweke vibaya. Kusifu samadi si kuikataa mbolea ya viwandani. Samadi peke yake kwenye kichanga cha Ikungi mara nyingi haitoshelezi naitrojeni na fosforasi zote ambazo mahindi yanahitaji, na mbolea ya kupandia au ya kukuzia ikiwekwa kwenye udongo wenye mboji hubaki karibu na mizizi badala ya kupotea. Hata kiwanda cha ITRACOM kilichopo Nala, Dodoma, kinatengeneza mbolea zinazochanganya mabaki ya viumbe na madini ya viwandani katika punje moja. Viwili hivyo vinasaidiana, na asidi ya humiki ni ya tatu katika msafara, ikifuata nyuma.

Basi chupa ya humiki inafaa wapi? Inafaa pale ambapo eneo ni dogo, mizizi ni michanga, na zao lina bei. Kitalu cha vitunguu ni mfano mzuri, kwa kuwa Singida inajulikana kwa vitunguu vyake, na mche wa kitunguu una mizizi mifupi na michache inayopata shida wakati wa kuhamishwa. Bustani ya nyanya, kabichi au pilipili hoho yenye umwagiliaji wa matone ni mfano mwingine, kwa kuwa bidhaa inaweza kupelekwa moja kwa moja kwenye mzizi. Mahali ambapo pesa hiyo inaweza kupotea bure ni kwenye ekari nyingi za alizeti au mtama wa kutegemea mvua, ambapo kinachopunguza mavuno ni ukame, magugu au kuchelewa kupanda, na pia kwenye udongo mweusi wa mbuga, ambao tayari una uwezo mkubwa wa kushika virutubisho.

Atakayeamua kununua azingatie mambo manne. La kwanza, Sheria ya Mbolea ya mwaka 2009 inahusu mbolea na visaidizi vyake, na Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania, yaani TFRA, ndiyo inayosajili bidhaa hizo na wauzaji wake; kwa hiyo chupa isiyo na usajili, isiyoonyesha kiasi cha asidi ya humiki, tarehe na maelekezo, iachwe dukani, na risiti idaiwe kila mara. La pili, asilimia kubwa kwenye lebo si lazima iwe ubora mkubwa, kwa kuwa njia za kupima asidi ya humiki zimetofautiana kwa muda mrefu na kutoa majibu tofauti kwa bidhaa moja. Ndiyo sababu mwaka 2018 Shirika la Viwango la Kimataifa lilitoa kipimo cha pamoja kiitwacho ISO 19822, na lebo inayokitaja humpa mnunuzi msingi imara zaidi wa kulinganisha.

La tatu ni maji. Asidi ya humiki huganda ikikutana na asidi au na kalsiamu nyingi, na visima vingi vya kanda ya kati vina maji magumu au ya chumvi. Kabla ya kujaza bomba la kupulizia au tangi la matone, mkulima achanganye kiasi kidogo katika chupa ya kioo kwa kipimo cha lebo, aiache kwa nusu saa, kisha aitazame kwenye mwanga. Akiona mabonge au mashapo meusi, asiitumie kwa maji hayo, kwani itaziba matundu na mmea hautapata kitu. Jaribio hilo hilo lifanywe kabla ya kuichanganya na mbolea yoyote ya maji, hasa yenye kalsiamu. La nne, kuzidisha si kuboresha, kwa sababu kipimo kikubwa mno kinaweza kudumaza mizizi badala ya kuichochea. Kipimo cha lebo kifuatwe kama kilivyo.

Na atakayetaka kujua kama bidhaa inamfaa yeye, katika shamba lake yeye, asimtegemee muuzaji wala redio, bali afanye jaribio. Achague matuta sita yanayofanana ya kitunguu au nyanya, matatu ayape bidhaa na matatu ayape maji matupu, akipishanisha tuta moja la hivi na moja la vile, huku mbegu, siku ya kupanda, samadi na palizi vikiwa sawa kwa yote. Wakati wa mavuno apime kila tuta peke yake kwa mizani na kuandika daftarini, kisha alinganishe pesa ya mavuno yaliyozidi na pesa ya chupa. Arudie msimu wa pili, kwa maana msimu mmoja unaweza kudanganya kutokana na mvua. Vikundi vya wakulima vinaweza kugawana gharama hiyo, na afisa kilimo wa kata anaweza kuwaelekeza jinsi ya kuchukua sampuli ya udongo na kuipeleka kupimwa. Katika Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, TARI, kituo kinachoshughulikia utafiti wa udongo ni Mlingano, mkoani Tanga.

Kwa wale ambao bei ya chupa ni kubwa kwao, ipo njia ya katikati. Mbolea ya minyoo, ambayo ndiyo iliyotumiwa na wale watafiti wa Brazili, inaweza kutengenezwa nyumbani katika sanduku au kishimo chenye kivuli, kwa samadi iliyokwisha kupoa na mabaki ya jikoni, na ikachanganywa na udongo wa kitalu kabla ya kusia mbegu. Haitakuwa na kipimo cha kiwandani, lakini ina humiki, ina virutubisho, na haimlazimu mkulima kupeleka shilingi mjini.

Muda wa kipindi unakaribia kwisha, kwa hiyo hoja kuu zirudiwe ili zikae. Asidi ya humiki ni sehemu ya mboji inayotolewa kwa alikali, na ikitumiwa vizuri huchochea mizizi na kuusaidia mmea kuchukua madini. Haishiki nafasi ya mbolea, na kwa vipimo vya chupa haiwezi kuugeuza mchanga kuwa udongo wenye rutuba, kwa sababu ekari moja inahitaji tani za mboji, na chupa ina gramu. Samadi iliyotunzwa kivulini, mabua yasiyochomwa na mashimo ya kupandia ndiyo kazi ya kwanza; mbolea ya viwandani kwa kipimo ni kazi ya pili; na humiki kwenye vitalu na bustani, baada ya jaribio la matuta, ni kazi ya tatu. Anayeanza na ya tatu anatumia pesa yake kwa mpangilio uliopinduliwa.

Kutoka mwisho wa mavuno hadi mvua za kwanza za Novemba kuna miezi ya kutosha kuchimba shimo, kulijaza na kuligeuza hadi mbolea iive. Kila kaya yenye ng'ombe wawili au mbuzi watano inaweza kuwa na shimo lake msimu huu, na kaya isiyo na mifugo inaweza kuzungumza na jirani mwenye zizi, mabua kwa samadi. Wasikilizaji wapendwa, maswali yenu yafikisheni kwa maafisa kilimo wa kata zenu, waulizeni bila kuchoka, na wauza pembejeo nao waulizwe bila haya.